Mtoto Anajua Kuzidisha, Ila Baki Linamshinda: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kumsaidia

Wazazi wengi wa watoto wa darasa la tatu na la nne hunijia na maneno yaleyale: "Mwalimu, huyu tebo zote anazo kichwani, lakini kugawanya hawezi." Kisha wananifungulia daftari lililojaa kalamu nyekundu. Mimi huanza na daftari, kwa sababu makosa ya kugawanya hayafanani. Kila kosa lina asili yake, na ukilitazama vizuri linakuonyesha mtoto alikwamia wapi.

Chini ya karibu makosa yote kuna jambo moja. Mtoto amefundishwa kuzidisha muhula mmoja na kugawanya muhula mwingine, kama masomo mawili. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ni mstari mmoja:

17 = 5 × 3 + 2

Usome hivi: mafungu matatu ya tano, ongeza mbili, unapata kumi na saba. Hapo umezidisha. Usome kwa kurudi nyuma: nina kumi na saba, natoa mafungu ya tano, yanatoka matatu, zinabaki mbili. Hapo umegawanya. Mtoto aliyewahi kutumwa nyanya sokoni anajua fungu ni nini kabla hajafika shuleni. Mama muuzaji anapanga tano, tano, tano, na zile mbili zisizotimia fungu anaziweka pembeni. Hizo ndizo baki.

Kabla ya kumrekebisha mtoto, mpe visoda au maharage kama thelathini, mpe maswali matatu, na umwombe afanye kwa sauti. Usimkatize hata akikosea. Dakika kumi za kumsikiliza zitakueleza zaidi ya kurasa ishirini za daftari.

Dalili: baki ni kubwa kuliko namba inayogawa

Daftari linasema 17 ÷ 5 = 2 baki 7.

Nilikaa na binti mmoja wa darasa la nne aliyekuwa akifanya hivi kila siku. Nilimpa visoda kumi na saba. Akatenga vitano, akatenga vitano vingine, vilivyosalia akavifunika kwa kiganja.

"Vimebaki saba, mwalimu."

"Haya mama, hakiki."

Akaandika 5 × 2 = 10, akaongeza 7, akapata 17. Akaniangalia. "Si imetimia?"

Imetimia kweli. Hapa ndipo walimu wengi tunapomwonea mtoto. Tumemfundisha kwamba ukizidisha na kuongeza baki ukarudi kwenye namba ya mwanzo, umepata. Amefanya hivyo, amerudi, halafu tunamwekea alama ya kosa. Uhakiki wetu una sharti la pili ambalo hatukumwambia: baki lazima liwe dogo kuliko namba inayogawa.

Kwanza tafuta chanzo, maana viko viwili. Mpe 47 ÷ 10. Akiandika 3 baki 17, hajaelewa kwamba mafungu yanatolewa mpaka yaishe. Akiandika 4 baki 7, maana ya kugawanya anayo, ila tebo ya tano inamkatikia njiani naye anasimama pale alipo na uhakika. Huyu wa pili anahitaji mazoezi ya tebo. Wa kwanza anahitaji ngazi hii:

17 = 5 × 1 + 12
17 = 5 × 2 + 7
17 = 5 × 3 + 2

Mwandikie yote matatu na umwambie wazi kwamba yote ni kweli. Kisha muulize swali moja tu kila anaposhuka: "Fungu jingine linatoka?" Kwenye 12 linatoka. Kwenye 7 linatoka. Kwenye 2 halitoki. Pale lisipotoka ndipo tunapoandika jibu la kugawanya. Binti yule alinyanyua kiganja, akavitazama visoda saba, akavuta vitano mwenyewe bila mimi kusema neno. Alikuwa amesimama njiani, basi.

Akishaiona ngazi, muulize: ukigawa kwa 5, baki linaweza kuwa ngapi? Mwache aorodheshe: 0, 1, 2, 3, 4. Kwa 7 je? Kwa 2? Kwa 1? Hili la mwisho wanalipenda sana, kwa sababu jibu ni sifuri peke yake, na wanajaribu namba kubwa kubwa kutafuta kama kuna itakayokataa.

Dalili: jibu limezidi kwa moja na baki halieleweki

23 ÷ 4 = 6 baki 1.

Wengi huliita kosa la uzembe. Mimi siamini. Mtoto huyu anajua kwamba 4 × 6 ni 24, na anaona 23 iko jirani kabisa na 24, tofauti yao moja. Anachofanya ndicho tunachofanya sote tukisoma saa: hatusemi saa mbili na dakika hamsini na tano, tunasema saa tatu kasoro dakika tano. Kwake 23 ni mafungu sita ya nne kasoro moja. Ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba ile moja ameiita baki, wakati ni upungufu. Hana visoda vya kutosha kutimiza fungu la sita.

Chanzo mara nyingi ni maelekezo yetu: "tafuta kigawe kilicho karibu." Tungesema "tafuta kigawe kikubwa kuliko vyote ambacho hakivuki." Chora mstari wa namba kuanzia 0 mpaka 40, aruke kwa kidole nne nne: 4, 8, 12, 16, 20. Kidole kisivuke 23. Kutoka 20 mpaka 23 ni hatua tatu, hilo ndilo baki.

Lakini tafadhali usimnyang'anye kasoro yake. Mwambie aandike mistari yote miwili:

23 = 4 × 6 kasoro 1
23 = 4 × 5 + 3

Muulize anaona nini kwenye 1 na 3. Zikijumlishwa zinatimiza 4, yaani fungu moja zima, na itakuwa hivyo kila mara namba isipogawanyika sawasawa. Mtoto aliyelishika hili anafanya 47 ÷ 8 bila karatasi: 48 kasoro 1, kwa hiyo ni mafungu matano na baki ni 7. Nimeona watoto waliokuwa nyuma darasani wakiwapita wenzao kwa njia hii.

Dalili: tebo anaiimba, lakini swali la kurudi nyuma linamkwamisha

"Sita mara moja sita, sita mara mbili kumi na mbili..." Anaimba mpaka mwisho bila kukosea. Muulize sita mara ngapi inaleta 42, anaanza kuimba upya toka mwanzo, na akipotea anarudi tena.

Tebo yake ni wimbo, na wimbo una njia moja tu ya kupita. Acha wimbo uendelee, ila ongeza maswali yenye pengo: 6 × __ = 42. Baada ya siku chache, ongeza pengo la pili: 7 × __ + __ = 45. Katikati ya hayo kuna swali ambalo ningetaka kila mzazi aulize akiwa anapika au anatembea na mtoto: "Kwenye vigawe vya saba, 45 imekaa kati ya nani na nani?" Kati ya 42 na 49. Swali hilo halimo kwenye tebo aliyokariri, lakini bila hilo hakuna kugawanya kwenye baki. Dakika tano kwa siku zinatosha. Anza na 2, 5 na 10, halafu 3 na 4, ndipo uende 6, 7, 8 na 9.

Dalili: anagawa moja moja kama karata

Mwambie 17 ÷ 5, anachora watoto watano na kuanza kuwapa kisoda kimoja kimoja kwa zamu. Anapata jibu sahihi, 3 baki 2. Mpe 94 ÷ 6, anachoka, anapoteza hesabu.

Kugawanya kuna sura mbili. Ya kwanza ni kugawana: watu ni watano, kila mmoja atapata ngapi? Ya pili ni kufunga mafungu: kila fungu lina tano, yatatoka mafungu mangapi? Mtoto huyu ana sura ya kwanza tu. Ukimwambia "toa tano tano" haelewi anayegawiwa ni nani.

Daraja liko kwenye zamu yenyewe. Anapowapa watoto watano kisoda kimoja kimoja, kila mzunguko unameza visoda vitano. Mzunguko mmoja ni fungu moja la tano. Baada ya mizunguko mitatu kila mtoto ana vitatu, na mafungu yaliyotoka ni matatu. Mwache aone kwa macho: panga visoda safu tatu za tano tano. Ukisoma kwa safu za kulala, ni mafungu matatu ya tano. Ukisoma za kusimama, ni watu watano wenye tatu tatu. Ile habari ya kwamba 5 × 3 ni sawa na 3 × 5, ambayo kwake ilikuwa mstari wa kukariri, sasa ina kazi. Kwenye 94 ÷ 6 hatahitaji tena kugawa moja moja. Atatoa mizunguko kumi kwa mkupuo, 60, zibaki 34, atoe mitano, 30, zibaki 4. Jibu ni 15 baki 4.

Dalili: "hii haiwezekani"

3 ÷ 5. Mtoto anasema haiwezekani, au anageuza kimyakimya na kufanya 5 ÷ 3.

Chanzo ni sisi watu wazima, tuliomwambia kwamba kubwa ndiyo inayogawanywa kwa ndogo. Mwekee visoda vitatu na umuulize swali alilolizoea: fungu la tano linatoka? Halitoki hata moja. Zimebaki ngapi? Zote tatu. Basi 3 = 5 × 0 + 3. Jibu ni 0 baki 3, na baki ni dogo kuliko 5, sharti limetimia.

Usilione swali hili kama la pembeni. Sifuri hii ndiyo inayopotea kwenye hesabu ndefu: 612 ÷ 6 = 12. Mtoto amesema sita kwenye sita ni moja, sita kwenye moja haiingii, nashusha mbili, sita kwenye kumi na mbili ni mbili. Pale aliposema "haiingii" hakuandika kitu, wakati alitakiwa kuandika 0, kwa sababu 1 = 6 × 0 + 1. Mzoeshe kuzidisha kabla hajagawanya. Ajiulize: 6 × 100 ni ngapi? 600. Basi jibu la 612 linazidi mia moja, na 12 haiwezi kuwa. Jibu ni 102.

Dalili: jibu ni sahihi, uhakiki unaleta namba nyingine

Ameandika 17 ÷ 5 = 3 baki 2. Vizuri. Anahakiki: 5 ongeza 2 ni 7, mara 3 ni 21. Anafuta jibu lake sahihi.

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) anaijua, muulize tu: ZI na JU, ipi inatangulia? Ila kifupisho hicho cha herufi peke yake hakitamsaidia siku akisahau. Mrudishe kwenye nyanya. Zile mbili za pembeni hazimo ndani ya fungu lolote. Ukizijumlisha kabla ya kuzidisha, umeweka mbili ndani ya kila fungu, na umepata nyanya ambazo hukuwa nazo.

Dalili: 4 baki 2 inageuka 4.2

Hii huanza mtoto anapokutana na desimali au kikokotoo cha simu. Anaona 14 ÷ 3 = 4 baki 2, na 22 ÷ 5 = 4 baki 2. Anahitimisha mambo mawili: kwamba 14 ÷ 3 ni sawa na 22 ÷ 5, na kwamba zote ni 4.2. Simu inamwambia 4.6666667 na 4.4, naye anadhani simu imeharibika.

Baki halijitegemei. Mbili zilizobaki kwenye mafungu ya tatu ni theluthi mbili ya fungu. Mbili zilizobaki kwenye mafungu ya tano ni mbili ya tano ya fungu, ndiyo maana ya ile 0.4. Maandishi "4 baki 2" hayasemi fungu lilikuwa kubwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo mimi huwataka watoto waandike mstari mzima, 14 = 3 × 4 + 2, kwa muhula mzima kabla ya kuwaruhusu kufupisha. Ni kazi zaidi ya kuandika, na sijutii.

Akitaka kupata baki kwa kikokotoo, njia ni kuzidisha: achukue 4 iliyo kabla ya nukta, azidishe kwa 3, apate 12, atoe kwenye 14.

Dalili: hesabu sawa, fumbo limekosewa

Watoto 14 wanapanda bajaji, kila bajaji inabeba abiria watatu. Bajaji ngapi zinahitajika? Mtoto anaandika: bajaji 4 baki 2. Muulize hao wawili wanabaki kituoni na nani. Atacheka, ataandika 5.

Shida ni kwamba amezoea kudhani baki ni mkia wa jibu wakati wote. Chukua 14 na 3 zilezile uzivalishe hadithi tofauti siku moja. Penseli 14 kwa watoto watatu: kila mmoja nne, mbili zinarudi kwenye kopo. Chapati 14 kwa watoto watatu wenye njaa: nne na theluthi mbili kila mmoja, kwa sababu chapati inakatika, penseli haikatiki. Bajaji: tano. Mstari ni uleule, 14 = 3 × 4 + 2, na kinachoamua ni kile kitu chenyewe.

Kuna mafumbo ambayo baki ndilo jibu lote. Umempa mtoto shilingi 1,000 anunue chapati za shilingi 300 kadiri zitakavyopatikana. 1,000 = 300 × 3 + 100. Ile 100 ni chenji, na yeye anajua kuidai vizuri kuliko anavyojua kuiandika.

Lingine ni kalenda. Siku zetu zenyewe zinahesabiwa: Jumamosi ya mosi, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Wiki ni fungu la saba. Mwaka wa kawaida una siku 365 = 7 × 52 + 1, kwa hiyo tarehe moja inasogea siku moja kila mwaka. Mwaka unaopita Februari 29 una siku 366, baki 2, na tarehe inaruka mbili. Sikukuu ya Uhuru wa Tanzania Bara, Desemba 9, ilikuwa Jumamosi mwaka 2023. Mwaka 2024 ulikuwa na Februari 29, ikaruka Jumapili ikaangukia Jumatatu. Mwaka 2025 ikawa Jumanne. Mpe mtoto kalenda ya ukutani na tarehe yake ya kuzaliwa, mwache atabiri mwaka ujao, kisha muangalie pamoja. Zile 52 hazina kazi kabisa kwenye swali hili, na watoto hushangaa kwamba namba kubwa ndiyo inayotupwa na ile ndogo ndiyo inayobeba jibu.

Utajuaje kwamba amepona?

Usimpe hesabu kumi za kugawanya. Mpe swali moja lililogeuzwa: "Nitajie namba ambayo ukiigawa kwa 6 inabaki 4."

Mtoto anayekariri atajaribu namba ovyo ovyo, 20, 25, 30, akizigawa moja moja. Mtoto ambaye mstari umemkaa atazidisha na kuongeza: 6 × 1 + 4 ni 10, 6 × 2 + 4 ni 16, halafu 22, 28, 34, na atakwambia anaweza kuendelea mpaka kesho. Muulize kwa nini zinapishana sita sita. Kisha muulize kama kuna iliyo ndogo kuliko 10. Akinyamaza kidogo halafu akasema "nne yenyewe, maana fungu halitoki hata moja," funga daftari, mwache akacheze.